Siku Baba Mkubwa Alipoketishwa

Kuna milango katika jiji la Nairobi ambayo mtu anaweza kuipita miaka arobaini bila kuvuka kizingiti chake. Si kwamba imefungwa. Iko wazi, na bawabu aliyevalia nadhifu amesimama hapo akiwaamkua wapitao kwa adabu. Lakini mguu hukataa. Kitu fulani moyoni humwambia mwenye mguu kuwa pale si pake, na kwamba afadhali aendelee zake hadi kituo cha matatu.

Mingi ya milango hiyo huelekea kwenye baa za kizamani. Sizungumzii vilabu vya muziki wa kupasua masikio. Nazungumzia kumbi zile tulivu zenye makochi ya ngozi, kuta za mbao nyeusi na taa hafifu, ambamo chupa za wiski zimepangwa rafuni kama vitabu vya maktaba. Ni mahali ambapo mtu huketi saa nzima na glasi moja, na baadaye akitaka huvuta siga, ile sigara nene ya kahawia isiyokuwa na karatasi, ambayo wengine huiita biri.

Vijana wetu siku hizi wanazionea fahari mno kumbi hizi. Ukitazama picha wanazopiga na kutumiana, utadhani mtu hajawa mtu mpaka ashike wiski kwa mkono mmoja na siga kwa mkono wa pili. Wazazi nao hukunja nyuso na kusema dunia imeharibika. Baina ya fahari ya mtoto na hasira ya mzazi, ni wachache wanaouliza kumbi hizi zilitoka wapi, na zinauza nini hasa.

Ndugu msomaji, mimi nililipata jibu kwa mzee mmoja ambaye hakuwahi kuwa mteja wa baa katika maisha yake yote. Sikusudii kuisifu pombe, wala sina mimbari ya kumhubiria mtu. Nitasimulia tu niliyoyaona na kuyasikia.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa amepata kazi yake ya kwanza katika benki. Mshahara wa kwanza ulipoingia, alitaka kuwafurahisha wazee. Hilo ni jambo jema, kwani wapo wengi ambao mshahara wa kwanza huwasahaulisha hata njia ya kurudi nyumbani. Wakati huo baba mkubwa, yaani kaka yake marehemu baba yangu, alikuwa amekuja kutoka Maragoli kutibiwa macho. Ana miaka 86. Mpwa wangu akasema, “Mjomba, Jumamosi nawachukua wewe na babu. Nataka babu aketi mahali pa heshima.”

Mahali penyewe palikuwa Exchange Bar, ndani ya hoteli ya Stanley, pembeni mwa Kenyatta Avenue na Kimathi Street.

Kabla hatujaingia, yafaa nieleze machache kuhusu jengo hilo, maana ukumbi hauwezi kueleweka bila historia yake. Hoteli ya Stanley ilianzishwa mwaka 1902 na mwanamke wa Kiingereza aliyeitwa Mayence Bent, wakati Nairobi ilipokuwa kijiji cha reli chenye matope na mabati. Moto uliiteketeza mwaka 1905, ikahama, na mwaka 1913 ikafunguliwa pale ilipo leo. Barabara hizo mbili hazikuwa na majina tuyajuayo. Kenyatta Avenue iliitwa Delamere Avenue, kwa jina la bwana mkubwa wa walowezi, na Kimathi Street iliitwa Hardinge Street.

Jina la baa hiyo nalo lina kisa chake. Biashara ya hisa humu nchini ilianza miaka ya 1920 bila soko rasmi. Wahasibu, mawakili na madalali wa mashamba, wote Wazungu, walikuwa wakikutana na kutajiana bei huku wakinywa kahawa, na neno la mtu ndilo lililokuwa stakabadhi yake. Mwaka 1954 Soko la Hisa la Nairobi likaundwa rasmi kama chama cha madalali. Hoteli ya Stanley husimulia kuwa ukumbi huo ndio uliokuwa nyumba yake ya kwanza. Bei zilitajwa kwa sauti, mauzo yakakubaliwa, kisha watu wakaendelea na vinywaji vyao.

Lakini kulikuwa na sharti. Mwafrika hakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa. Mhindi vilevile. Biashara ile ilikuwa ya Wazungu pekee mpaka Uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Tukumbuke pia kwamba 1954 ulikuwa mwaka wa operesheni ya Anvil, ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa jijini na kupelekwa vizuizini. Tarehe 18 Februari 1957 Dedan Kimathi alinyongwa. Leo sanamu yake imesimama hatua chache tu kutoka mlango wa hoteli hiyo, katika barabara inayobeba jina lake. Ilizinduliwa mwaka 2007, miaka hamsini baada ya kifo chake.

Baba mkubwa alisimama mbele ya sanamu ile akaitazama kwa muda. Kisha akarekebisha kola ya koti lake, akasema, “Haya, twendeni.”

Tulipoingia, nilipapenda, lazima niseme kweli. Joto na kelele za Jumamosi vilibaki nje. Makochi ya ngozi yalikuwa mapana kiasi kwamba mtu akiketi huzama kama mtoto mgongoni mwa mama. Watu walizungumza kwa sauti ya chini. Hakuna aliyekuwa na haraka. Katika jiji hili ambalo hata mahubiri ya mazishi hupimwa kwa saa, utulivu wa namna ile una ladha yake.

Mpwa wangu na mimi tuliketi. Baba mkubwa hakuketi. Alibaki amesimama nyuma ya kochi lake, mikono ameikutanisha mbele, mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Nilidhani goti linamsumbua. Nikamwambia, “Baba, karibu kiti.” Akashtuka kidogo, akaketi ukingoni, kama mtu aliye tayari kuinuka atakapoitwa.

Hapo ndipo mhudumu, kijana mpole wa miaka ishirini na kitu, alipoinama mbele yake akamwuliza, “Shikamoo mzee. Nikuletee nini?”

Baba mkubwa hakujibu. Mhudumu akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti kubwa kidogo. Bado mzee alinyamaza. Midomo ilimtetemeka. Mwishowe akatugeukia akasema polepole, “Swali hilo nimewauliza watu miaka minane. Leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa mimi.”

Mpwa wangu alinitazama. Hakuwa akijua. Hata mimi nilikuwa nikijua nusunusu tu, kama watoto wajuavyo mambo ya wazee wao, kwamba baba mkubwa “alifanya kazi mjini zamani.” Siku ile ndipo alipotufungulia kitabu kizima.

Aliletwa Nairobi mwaka 1956 akiwa na miaka kumi na saba. Baada ya watu wa Mlima Kenya kuhamishwa, kazi nyingi za mjini zilihitaji mikono mipya. Yeye alipata kazi katika klabu moja ya walowezi, ambayo jina lake aliniomba nisilitaje. Alivishwa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na tarbushi kichwani. Jina lake halikuhitajika. Wote waliitwa “Boi,” hata mzee mwenye wajukuu.

Kazi yake ilikuwa kubeba sinia. Alijua ni bwana yupi anataka wiski na soda, yupi anataka maji matupu, na yupi hutukana akiwekewa barafu. Alifundishwa kuandaa siga. Lakini kuonja alichokibeba ilikuwa kosa. Kwa miaka mingi ya ukoloni sheria ilimkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu. Pombe yake ilikuwa ile ya kienyeji iliyouzwa katika kumbi za manispaa, kama ule uliofunguliwa Pumwani miaka ya 1920. Pombe nyingine yoyote aliyojitengenezea mwenyewe mjini ilimfikisha kortini.

“Walizungumza mbele yetu kana kwamba sisi ni meza,” alisema. “Bei ya kahawa, shamba la nani linauzwa, nani hamlipi nani. Sisi tulisimama ukutani tukisikia yote.”

Kisha akacheka. “Uhuru mimi niliujua kabla ya magazeti. Mapema mwaka 1960, wakati ule wa mkutano wa Lancaster House kule London, mabwana walianza kunywa haraka. Zamani glasi moja ilikaa saa nzima. Sasa hata barafu haikupata nafasi ya kuyeyuka. Usiku mmoja bwana mmoja ambaye hakuwahi kunitazama usoni alinigeukia akaniuliza, ‘Boi, wewe unafikiri mambo yatakuwaje?’”

“Ukamjibu nini, babu?” mpwa wangu akauliza.

“Nikamwambia, ‘Sijui, bwana. Nikuongezee barafu?’”

Tulicheka mpaka meza ya jirani wakatugeukia. Lakini nilipolifikiria jibu lile usiku kitandani, sikucheka tena. Kwa miaka minne kijana yule alisimama ukutani akiwa na akili zake timamu, na alipoulizwa fikira zake kwa mara ya kwanza, alijua kuwa salama yake imo ndani ya barafu.

Basi mhudumu alikuwa bado anangoja. Baba mkubwa akasema, “Niletee ile niliyokuwa nikiibeba. Toti moja ndogo. Nataka kujua ilikuwa na nini.”

Wiski ikaja. Ilikuwa ya Scotland, na chupani palikuwa na namba 12. Mzee akaipeleka puani, akaionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. Sisi tulimkazia macho kama watu wanaongoja hukumu ya mahakama.

“Hii,” akasema, “ni chang’aa iliyosoma.”

Msomaji, usidhani mzee alikuwa akifanya mzaha tu. Katika maneno hayo machache aliusema ukweli ambao wauzaji wa fahari hawapendi usikike. Wiski na chang’aa ni watoto wa nyumba moja. Mama aliyewahi kupika busaa ataielewa kazi ya Waskoti bila mwalimu. Wao huchukua shayiri, wakailoweka mpaka ikaota, yaani wakapata kimea, kama sisi tufanyavyo na wimbi. Kimea hukaushwa, husagwa, huchanganywa na maji ya moto, kisha hutiwa hamira kichachuke. Baadaye huchemshwa katika vyungu vikubwa vya shaba, na mvuke wake hunaswa na kupozwa uwe maji makali. Mpaka hapo, tofauti yake na kazi ya mama mpishi wa kando ya mto ni ukubwa wa chungu tu.

Tofauti inaanza baada ya hapo, nayo ni muda na kipimo. Sheria ya Uingereza inaamuru kwamba kinywaji kile hakiwezi kuitwa wiski ya Scotland mpaka kikae katika pipa la mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na kisipungue nguvu ya asilimia 40 kinapotiwa chupani. Kila mwaka kama asilimia 2 huyeyuka na kupotea hewani, na Waskoti husema hilo ni fungu la malaika. Namba iliyoandikwa chupani ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo. Kwa hiyo chupa ya 12 haina hata tone lililokaa pipani chini ya miaka 12.

Mpwa wangu ndiye aliyemweleza babu yake mambo hayo, kwa maana vijana wa siku hizi wameyasoma. Alieleza kwa furaha. Hata jina lenyewe, alisema, limetokana na lugha ya kale ya Waskoti, na maana yake ni “maji ya uhai.”

Baba mkubwa aliiweka glasi mezani.

“Maji ya uhai,” akarudia. “Kwa hiyo chupa hii ina umri. Ina jina la mahali ilikozaliwa. Ina kipimo, na kuna serikali inayoilinda isidanganywe. Aliyokunywa mwanangu haikuwa hata na mama.”

Meza nzima ikanyamaza. Mwanawe wa pili alikuwa kibarua wa mjengo hapa Nairobi. Novemba mwaka 2000, katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, watu walikunywa pombe iliyoitwa kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi. Ilikuwa imechanganywa na methanoli, sumu ya viwandani. Zaidi ya watu 100 walifariki, mamia wakalazwa hospitalini, na wengi wakapofuka. Ndugu yangu huyo alipona, lakini macho yake hayakupona. Leo yuko nyumbani Maragoli. Husokota kamba za ng’ombe, na humtambua kila mtu kwa mlio wa hatua zake.

Wakati ule chang’aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Marufuku haikuwazuia watu kunywa, iliwazuia tu kujua wanachokunywa. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo iliifuta ile ya zamani na kuruhusu chang’aa itengenezwe kwa leseni, kwa kipimo, na kutiwa chupani. Hata hivyo watu wameendelea kufa kwa pombe za sumu, kwa sababu maskini hanunui leseni, hununua bei.

“Sina chuki na chupa hii,” mzee alisema. “Nilichokuwa nikitaka ni kuwa mwanangu naye awe mtu wa kuwekewa kipimo.”

Nimezisoma hotuba nyingi za wakubwa kuhusu pombe haramu. Sijasoma iliyoupita usemi huo.

Ili kuibadili hali, mpwa wangu akatoa mfukoni kitu alichokuwa amekitunza kama hirizi. Ilikuwa siga, aliyoletewa na rafiki yake kutoka ng’ambo, imo ndani ya kibweta chembamba. Mhudumu alikuja mbio kwa heshima akamkumbusha kuwa haivutwi pale, kwani sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 inataka wavutaji waende mahali palipotengwa. Mpwa wangu akasema anajua, alitaka tu kumwonyesha babu.

Baba mkubwa akainyosha mikono. Aliipokea siga ile kwa vidole viwili, akaiminya polepole kutoka ncha hadi ncha huku ameinamisha sikio. “Imekauka kidogo,” akasema. “Sisi tulizitunza katika sanduku la mbao lenye unyevu. Ikikauka sana huvunjika, ikilowa sana huota ukungu.” Akaonyesha mahali pa kukata, kichwani, kidogo tu, ili jani la juu lisifumuke. Akaeleza kwamba moto wa kiberiti husogezwa karibu lakini hauguswi, na siga huzungushwa mpaka iwake sawasawa kote.

Sisi tulibaki vinywa wazi. Mzee huyu hajawahi kuvuta hata sigara moja! Lakini mikono yake ilikumbuka yote, baada ya zaidi ya miaka sitini. Mikono ina kumbukumbu yake.

Mpwa wangu akaenda mahali pa wavutaji kuijaribu elimu hiyo mpya. Hazikupita dakika kumi akarudi, macho mekundu, anakohoa kama gari bovu. Alikuwa ameumeza moshi. Baba mkubwa akamtazama kwa huruma. “Siga haimezwi, kijana wangu. Mabwana waliuzungusha moshi mdomoni wakautoa. Nao pia walikufa.”

Na hapo mzee alisema kweli ya daktari. Siga moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ya pakiti nzima ya sigara, na sumu yake hupenya kwenye ngozi ya mdomo hata moshi usipomezwa. Saratani ya mdomo na ya koo haiulizi kama mgonjwa alivuta kwenye kochi la ngozi au kwenye kigoda. Kuhusu pombe nako, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kuwa hakuna kiasi kinachoweza kusemwa kuwa hakina madhara kwa afya. Mapipa ya mwaloni huleta ladha, hayaleti kinga.

Ilipokaribia saa ya kuondoka, mpwa wangu alianza kueleza ndoto zake. Atakuwa akija hapa kila mwisho wa mwezi. Watu wakubwa hukutana mahali kama hapa, alisema, na mtu asipoonekana nao hatapanda cheo. Baba mkubwa alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akainua vidole vitatu.

“Kijana wangu, vyumba kama hiki vilinikataza mambo matatu. Vilinikataza kuketi. Vilinikataza kunywa. Na kama mjomba wako alivyotueleza tukiwa nje, humu ndani nilikatazwa kununua hisa. Leo nimeketi. Nimeonja. Na hisa ninazo. Mwaka 2008 Safaricom walipouza, niliuza ng’ombe nikanunua hisa elfu mbili kwa shilingi tano kila moja. Bei ilipoanguka watu walinicheka, mimi sikuziuza. Sasa niambie, wewe umeanza na lipi kati ya hayo matatu?”

Mpwa wangu hakujibu. Alitazama glasi yake, kisha akaitazama hati ya malipo ambayo mhudumu alikuwa ameileta kwenye kijalada cheusi. Bei ya zile toti ingenunua unga wa familia kwa wiki kadhaa na chenji ikabaki. Alilipa bila kulalamika, na hilo nalimsifu, maana mwenye kualika hapigi mahesabu mbele ya wageni.

Tulipoinuka, mikono ya baba mkubwa ilitangulia akili yake. Alianza kuzikusanya glasi na kuzipanga kwenye sinia, kubwa katikati, ndogo pembeni. Mhudumu akamshika mkono taratibu. “Hapana mzee wangu, hiyo ni kazi yangu.”

“Najua ni kazi yako,” baba mkubwa akamjibu. “Unaitwa nani?”

Kijana akataja jina lake. Mzee akalirudia mara mbili, kama mtu anayehakikisha hatalisahau, akamtilia noti mkononi na kumshukuru kwa jina hilo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kumbi hizi zinauza nini. Si wiski, kwa maana chupa hiyohiyo ipo supamaketi kwa bei ya chini. Si siga. Kinachouzwa ni kiti. Ni saa moja ya kutohimizwa, ni kuulizwa “nikuletee nini?” na mtu aliyeinama mbele yako, ni uhakika kwamba kilichomo glasini kimepimwa. Zamani kiti hicho kilizungushiwa sheria na rangi ya ngozi. Sheria imeondoka, rangi imeondoka, na mahali pake imesimama bei. Nayo bei, tofauti na sheria ya mkoloni, haiandikwi ukutani nani asiingie. Humwachia kila mtu ajizuie mwenyewe, au ajifilisi mwenyewe.

Kijana anayetamani kuketi humo simlaumu. Kutamani heshima si dhambi. Lakini ajue kwamba heshima anayoinunua kwa saa huisha glasi inapokauka, ilhali waliozijenga kumbi zile hawakuzijenga kwa kunywa. Walikuwa na mashamba, mizigo ya kahawa na vyeti vya hisa kwanza, wiski ikafuata. Anayeanza na wiski ameikamata ng’ombe kwa mkia.

Jambo la mwisho ni kwa familia zetu. Watu waliobeba sinia zile wanaisha. Wengi wako mashambani, wamekaa chini ya miembe, na wajukuu wao wanadhani babu hakuwahi kuona lolote. Historia ya wenye kuketi imeandikwa vizuri na picha zake zimetundikwa ukutani hotelini. Ya waliosimama ukutani iko vichwani mwao tu. Ikiwa una mzee wa namna hiyo, si lazima umpeleke mahali pa gharama. Mwekee kiti kizuri, mwulize akuletee nini, chai au uji. Kisha unyamaze, umwache aseme.